Kumara za Pirihira

Pirihira alikuja Mataura akiwa hajamaliza mwaka tangu aolewe, yeye na mumewe Epiha na vijana wengine wanne wa kwao, wamebanana ndani ya gari moja tangu kaskazini. Miaka ile machinjio ya huku kusini yalikuwa yanalilia watu, na kule kwao Te Araroa kazi ilikuwa ya kubahatisha. Walisema watakaa misimu mitatu, wapate cha kujengea, warudi. Wale vijana wanne walirudi. Pirihira na Epiha wakabaki, msimu ukafuatwa na msimu, mpaka watu wakaacha kuwauliza wanarudi lini.

Mimi nilimkuta kwenye chumba cha kufungia nyama, nikapangiwa meza moja naye. Mimi ni mtu wa huku huku, watu wangu ni wa Bluff, pale nchi inapoishia na bahari kuanza. Sote wawili ni Wamaori, lakini tulikuwa tofauti. Yeye aliinyonya lugha yetu pamoja na maziwa. Kwetu bibi yangu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuijua, na alikwenda nayo kaburini. Mimi nilikuwa na salamu, majina ya samaki, na matusi mawili.

"Ripeka, wewe ni Mmaori wa kwenye picha," alinitania siku ya kwanza.

"Na wewe ni Mmaori wa viazi vitamu," nikamwambia. "Subiri baridi ya huku ikuonyeshe."

Alicheka mpaka msimamizi akageuka. Tukawa mashoga kuanzia hapo.

Kwao kumara, hivyo viazi vitamu, ndiyo maisha. Huku kusini haioti. Wazee wetu waliishi kwa samaki, na kwa wale ndege wa mafuta tunaowaita tītī tunaowatoa visiwani kila mwaka, na baadaye kwa viazi mviringo. Pirihira alinunua kumara dukani, zimesafiri mpaka zimenyauka, akawa anazimenya huku anazilaumu.

Epiha alikuwa mtu wa maneno mengi. Ukipita nje ya nyumba yao jioni ungemsikia anahadithia, mkewe anambishia, wote kwa lugha ya kwao. Watoto hawakujaaliwa. Nyumba ilijaa sauti zao wawili tu, na zilitosha.

Epiha alifariki mwezi wa saba, machinjio yakiwa yamefungwa kwa ajili ya majira ya baridi. Alikuwa anapasua kuni uani. Pirihira alisikia shoka limenyamaza, akadhani amekwenda kwa jirani.

Ndugu walikuja kumchukua wakampeleka kwao, siku mbili barabarani na kwenye feri. Akalazwa kwenye nyumba ya ukoo, akaliliwa inavyotakiwa, akazikwa kilimani juu ya bahari. Nguo zake zilizikwa pamoja naye, kwa sababu kwetu nguo ya marehemu si kitu cha kuachwa kining'inie. Koti moja tu, lile zito la sufu alilovaa kwenda kazini, Pirihira alikuwa ameliacha Mataura uvunguni mwa kitanda. Hakumwambia mtu.

Kaka yake Pirihira, Tūrei, ndiye aliyekuwa anaishi kwenye nyumba ya mama yao, pamoja na mke na watoto na wajukuu. Walimtandikia Pirihira godoro sebuleni.

"Baki hapa," Tūrei alimwambia. "Kule umebakiza nani?"

"Nitakwenda kufunga nyumba kwanza."

"Nyumba inafungwa na mtu yeyote. Mpigie simu yule rafiki yako mla ndege."

"Nitakwenda mwenyewe."

Kila mtu pale ndani alikuwa na kiti chake na kikombe chake. Walipompa chai walimuuliza anaweka sukari ngapi. Ni jambo dogo, aliniambia baadaye, lakini ndani ya nyumba aliyozaliwa hakuwahi kuulizwa.

Alipoondoka, Tūrei alimtia gunia la kumara za mbegu kwenye buti ya gari. Alifanya hivyo kwa mzaha. "Kazipande huko kwenye friji yenu. Zikikushinda, utarudi."

Pirihira alirudi Mataura mwezi wa nane, nyumba hakuifunga, gunia akalifungua.

Alifanya kama kwao wanavyofanya. Alijaza mchanga kwenye sanduku, akazilaza zile kumara ndani, akazifunika, akaliweka sanduku barazani penye jua. Zikakawia, zikatoa ncha nyekundu, kisha majani. Wakati huo kule kwao watu husikiliza kekeo. Ni ndege mdogo anayetoka mbali kuvuka bahari, na akianza kuimba, watu wanajua ardhi imepata joto na mikono inatakiwa shambani. Mwishoni mwa mwezi wa kumi kekeo akaimba Mataura pia, juu ya mti wa jirani. Pirihira aliacha vyombo kwenye maji. Siku hiyo hiyo alichomoa marando, yale machipukizi yenye majani, akayapanda kwenye matuta aliyoyainua nyuma ya nyumba, kila rando mkia wake umekunjwa kuelekea jua linakotoka.

Jirani yake alikuwa Dougal, mzee mzungu mjane aliyelima turnipu na viazi. Kwa miaka yote ile walikuwa wakisalimiana kwa kichwa tu. Siku hiyo alikuja mpaka kwenye ua.

"Unapanda nini, Bi Pirihira?"

"Kumara."

Dougal akatazama matuta, akatazama mbingu. "Mapema."

"Ndege ameimba."

"Ndege ana manyoya," Dougal akasema, akaenda zake.

Wiki iliyofuata jalidi, umande ulioganda, ilishuka. Asubuhi uwanja wote ulikuwa mweupe, na marando yamelala juu ya matuta, meusi kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Alikuja kazini hajasema neno. Nilidhani amepata msiba mwingine.

Jioni alimpigia simu Tūrei.

"Hapa tunapalilia," Tūrei akasema kabla hajaulizwa. "Za kwako vipi?"

"Zipo."

"Zipo hai?"

Alikata simu.

Kwenye sanduku mbegu zilikuwa bado na uhai, zikatoa marando mengine. Safari hii akaogopa. Kila akitaka kupanda alikumbuka ule weupe, akaahirisha. Alipanda mwezi wa kwanza, katikati ya kiangazi chetu, hakuna baridi wala dalili ya baridi. Zikashika, zikatambaa, zikapendeza. Mwezi wa nne jalidi ikarudi ikamaliza majani, na alipochimba akakuta mizizi minene kama kamba za viatu. Alizikusanya zote kwenye karai, akaja kunionyesha.

"Mapema zinakufa. Ukichelewa hazinenepi," alisema. "Katikati hapo kuna upenyo, Ripeka. Lakini mwembamba kweli."

"Shoga, Mungu alipoleta viazi mviringo huku alikuwa na maana yake."

"Viazi mviringo vililetwa na wazungu."

"Basi Mungu alikuwa amewatuma."

Alicheka kidogo. Alikuwa ameanza kukonda. Nilikwenda kwake Jumapili moja, nikamkuta redio inaongea jikoni na nyingine inaongea chumbani, vituo tofauti. Nikataka kuzima moja. "Iache," akasema. Aliniuliza maneno madogo madogo kwa lugha yetu, kuona kama nitajibu. Nilijaribu. Nilipokosea hakunisahihisha, alirudi tu kwenye Kiingereza, kama mtu aliyegonga mlango akajua wenyewe hawapo.

Kwa hiyo alikuwa anaongea na nani? Simu ya kaskazini ilikuwa mara moja kwa wiki, na Tūrei alikuwa mtu wa kukatiza. Nikaja kugundua mwaka uliofuata, nilipopita nyuma ya nyumba nikamsikia. Alikuwa ameinama juu ya sanduku la mbegu, anahadithia. Alitua pale ambapo Epiha angedakia, kisha akaendelea. Nilirudi nyuma nikaingilia mlango wa mbele, nikagonga kwa nguvu.

Mwaka huo wa pili Tūrei alikuwa ametuma gunia jingine kwa basi, na ndani yake ameweka glavu za sufu za mtoto, dhihaka yake. Pirihira hakungoja kekeo wala mtu. Sanduku aliliweka ndani, kando ya jiko la kuni, tangu mwezi wa nane. Ndani kulikuwa na joto la kaskazini, akasema, basi mbegu zidhani zipo kwao. Mwezi wa kumi marando yalikuwa marefu. Kekeo akaimba. Pirihira alitoka akasimama mlangoni, akamsikiliza mpaka mwisho, akarudi ndani akafunga mlango.

Mwezi wa kumi na moja ulikuwa mgumu. Kila siku jua lilikuwa zuri, na marando yalikuwa yanalilia kutoka. Aliyahamishia kwenye makopo ya maziwa. Makopo yalijaa meza, yakajaa madirisha, yakajaa kile kitanda cha wageni. Alikula amesimama.

Dougal aliyaona kupitia dirishani. Akaja na mkokoteni wa mkono, amebeba vioo vikubwa vya madirisha, na fremu zake.

"Vilikuwa kwenye kibanda cha nyanya cha marehemu mke wangu," akasema. "Vimekaa tu."

"Nitavirudisha baada ya mavuno."

"Vya nini?" Akashusha vioo kimoja kimoja, akaviegemeza ukutani. Kisha akasema bila kumtazama: "Jalidi hukoma mwezi wa kumi na mbili ukianza. Mara nyingi."

"Mara nyingi?"

"Mara nyingi."

Alikunywa chai kwa Pirihira siku ile, mara ya kwanza. Walikaa nusu saa jikoni, katikati ya makopo, na nadhani walisemezana maneno kumi. Alipoondoka alisema asante mara mbili.

Pirihira alipanda siku za mwanzo za mwezi wa kumi na mbili. Wiki mbili kabla alikuwa ametandaza nailoni nyeusi juu ya matuta ili udongo uvute joto, na akachanganya changarawe ya mtoni ili usishike maji. Machinjio yalikuwa yamefunguliwa, kwa hiyo alipanda alfajiri kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, anakunja mikia kuelekea jua linakotoka, anaweka vioo juu. Nilimsaidia Jumamosi moja. Nilikunja mikia vibaya akaichomoa yote akaipanda upya.

"Nimekuja kukusaidia au kukuongezea kazi?" nikamuuliza.

"Kaa hapo uongee," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yako."

Zikashika. Mwezi wa kwanza majani yalisukuma vioo, akaviondoa. Watu wakaanza kupita kwa makusudi kuangalia. Kaskazini hakuwaambia kitu. Tūrei alipouliza, alimjibu habari za hali ya hewa.

Kisha, mwezi wa pili ulipoanza, wakati kila mtu amesahau baridi, upepo wa kusini ukavuma siku moja kutwa, na jioni ukakoma ghafla. Mbingu zikawa safi kabisa. Dougal alikuja hadi uani, na hakuwa mtu wa kukimbia, lakini siku hiyo alikuja mbio.

"Usiku huu," akasema.

Pirihira alinipigia simu. Nilipofika jua lilikuwa linazama, naye amekwisha kutoa shuka zote. Vioo vilirudi, lakini marando yalikuwa yametambaa, vioo havikutosha. Tulifunika kwa mablanketi, mapazia, mazulia, magunia, taulo. Dougal alileta maturubai ya kufunikia nyasi kavu. Nyumba ilibaki tupu kama ya mtu anayehama. Na bado kulikuwa na tuta moja la mwisho, lile refu la ukingoni, liko wazi.

Mimi nililijua koti. Nilikuwa nimeliona uvunguni nilipomsaidia kufagia, nikanyamaza. Sasa nikasema.

"Kuna koti la Epiha."

Pirihira aligeuka akanitazama kana kwamba nimemtemea mate.

"Koti la maiti juu ya chakula? Wewe ulilelewa wapi?"

"Bluff," nikasema kwa sauti ndogo.

"Na huko Bluff mnakula juu ya makaburi?"

Dougal alitazama buti zake. Pirihira alivua sweta lake, akalitandaza juu ya tuta, akavua na sketi ya juu akaitandaza pia, akabaki na gauni la ndani na mabuti ya mpira. Havikufunika hata robo. "Basi," akasema. "Hilo tuta ni la jalidi. Nayo ipate kula." Akaingia ndani.

Nilimwomba aje kulala kwangu, maana hakuwa na hata shuka moja. Alikataa. Asubuhi alinieleza kilichotokea, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Baridi ilipomzidi alitoa lile koti uvunguni, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akalala juu ya godoro tupu. Hakuwa amelivaa wala kulishika tangu mazishi.

"Lilikuwa na harufu yake?" nikamuuliza.

"La. Lilikuwa na harufu ya vumbi." Akanywa chai. "Lakini mikono ilikuwa mirefu. Nilisahau kuwa alikuwa na mikono mirefu."

Kulipopambazuka alilivua, akalikunja. Akanawa mikono na uso kwa maji ya bomba la nje, akajinyunyizia kichwani, kwa sababu mtu haendi kwenye chakula na mauti mwilini. Ndipo akaenda kufunua. Lile tuta la ukingoni lilikuwa jeusi. Mengine yote yalikuwa mabichi, yanatoa mvuke juani. Lile koti nalo alilizika siku hiyo hiyo, chini ya uzio, mbali na shamba. Hakuniita kushuhudia. Niliona tu udongo mpya.

Alichimba mwishoni mwa mwezi wa tatu. Mimi nilikuwa nafunga mizigo yangu ya visiwani, maana msimu wa ndege unafunguliwa siku ya kwanza ya mwezi wa nne na boti haimsubiri mtu. Nilipita kumuaga. Alikuwa amepiga magoti, anachimba kwa vidole ili asikwaruze ngozi. Nyingi zilikuwa ndogo, nene kama kidole gumba. Lakini zilikuwepo za kujaza mkono, nyekundu, ngumu, na moja ilikuwa kubwa kama kiatu cha mtoto wa shule. Aliishika mbele ya jua.

"Zimeota, Ripeka."

"Naona."

"Zimeota!"

Tulicheza pale shambani kama vichaa. Kisha dereva aliyenileta akapiga honi, nikaenda. Nilikaa visiwani mpaka mwisho wa mwezi wa tano, na kule hakuna simu, kwa hiyo yaliyofuata aliniambia niliporudi.

Siku ile ile, kabla usiku haujaingia, alimpigia Tūrei. Simu ilipokelewa na mtoto, mjukuu wa Tūrei.

"Nani?"

"Bibi yako Pirihira."

"Bibi gani?"

"Dada yake babu. Wa Mataura."

Mtoto akafikiri. "Babu yuko shambani. Watu wote wako shambani, wanachimba."

"Mwambie zimeota."

"Nini zimeota?"

"Mwambie hivyo tu. Atajua."

"Ngoja," mtoto akasema, akaweka chombo cha simu mezani, akakimbia. Hakurudi. Pirihira alisikia mlango umebamizwa, mbwa anabweka, sufuria inafunuliwa, mtu anaimba kidogo na kuacha, wanawake wawili wanabishana kwa lugha ya nyumbani juu ya gunia la nani limejaa. Mmoja wao alikuwa na sauti kama ya mama yake Pirihira. Angeweza kuita, wangemsikia. Hakuita. Alivuta kiti, akakaa na simu sikioni, mpaka mtu fulani kule alipokiona chombo kimelala mezani, akakirudisha mahali pake.

Zile kubwa alizitunza kwa mbegu, amezifunga kwa magazeti ndani ya kabati la jikoni, kwa sababu shimo la udongo la kuhifadhia, kama la kwao, huku lingezigandisha. Tulikula zile ndogo, mimi na yeye na Dougal, pamoja na ndege niliowaleta. Zilikuwa na nyuzi nyingi. Dougal alikula zote, akachomoa uzi kwenye meno, akasema ni tamu kuliko turnipu. Pirihira akamwuliza kama hiyo ni sifa.

"Ni sifa kubwa," Dougal akasema.

Ujumbe ulimfikia Tūrei kwa njia yake. Mwezi wa sita alishuka Mataura kwa basi, bila taarifa, amevaa makoti mawili. Alipelekwa nyuma ya nyumba akaonyeshwa shamba, ambalo majira yale lilikuwa tope tu.

"Hili? Hiki ni kitanda cha mtoto."

"Nenda kaangalie kabatini."

Akaenda, akafungua gazeti moja. Akaipima mkononi ile kubwa kuliko zote. "Sasa umeonyesha," akasema. "Umeshinda. Twende nyumbani."

Walibishana siku mbili. Nilipita mara moja kuwasalimu, sikuelewa neno, lakini nilisikia nyumba ile imejaa tena. Pirihira aliniambia baadaye kuwa walibishana juu ya Epiha, juu ya mama yao, juu ya shamba la nani liliungua mwaka gani, na katikati walicheka, na mara moja waliimba. Siku ya tatu Tūrei alipanda basi peke yake. Mfukoni alikuwa na kumara mbili za Mataura, zimefungwa kwenye zile glavu za mtoto. Pirihira alisimama stendi mpaka basi likakunja kona.

Sijui kwa nini hakwenda. Nilimuuliza mara nyingi, na kila mara alinipa jibu jipya.

Nilimpitia asubuhi iliyofuata, akafungua mlango, akataka kunisalimu, sauti haikutoka. Alikuwa amekauka koo kabisa, ananong'ona.

"Umeshikwa na mafua?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Nimeongea," akanong'ona.

Nilimchemshia maji ya limau na asali. Tukakaa jikoni, redio zote mbili zimezimwa, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyeongea peke yangu, nikamsimulia visiwa, mawimbi, na binamu yangu aliyeanguka ndani ya pipa la mafuta. Siku ya tatu sauti yake ilirudi. Mwezi wa nane aliingiza sanduku ndani, akaliweka kando ya jiko.